Picha ya babu na kikofia chenye namba 64: ilikuwa sherehe gani, na ni mwaka gani?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Tulipokuwa tunapanga vitu vya marehemu babu yangu, mzaa mama, hapa Voi, tulikuta picha moja ndani ya bahasha ya vyeti vyake. Babu amesimama kando ya uwanja, amevaa koti zito na kikofia kidogo cha duara chenye namba 64. Pembeni yake kuna msichana wa Kizungu mwenye ua kubwa kama sahani kifuani. Kwa nyuma zinaonekana nguzo za goli za umbo la H, wachezaji waliovaa helmeti, na ubao wa matokeo unaoonyesha wenyeji 14, wageni 8. Nyuma ya picha babu ameandika 'Homecoming, Ohio' na hakuna zaidi. Mama anasema babu alicheza mechi hiyo na 64 ni namba ya jezi yake. Mjomba anasema picha ni ya 1964. Bibi yeye anachotaka kujua ni habari za huyo msichana. Tusaidie."

Jibu:

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba. Mjomba na mama wote wamekosea, ila wamekosea kwa sababu nzuri, maana namba 64 ndiyo kitu chenye thamani kuliko vyote kwenye picha hiyo. Picha ni ya mwaka 1960, na ni ya mwezi Oktoba au siku za mwanzo za Novemba. Ya bibi nitayafikia, asiwe na haraka.

Hicho kikofia hakikuwa pambo. Vyuo vingi vya Marekani, hasa vile vidogo vya binafsi, viliwavalisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kikofia cha aina hiyo tangu wiki ya kufika. Kilikuwa na rangi za chuo na mara nyingi namba mbili mbele. Wamarekani huliita darasa kwa mwaka litakaohitimu, wala si mwaka lililoingia. Aliyeingia Septemba 1960 kwa masomo ya miaka minne alikuwa "darasa la 64" tangu siku ya kwanza, hata kabla hajajua maktaba iko wapi. Mjomba ajiulize hivi: vuli ya 1964 babu angekuwa ameshahitimu tangu Juni. Na hata kama angekuwa bado yupo, hakuna mwanafunzi wa mwaka wa nne aliyekubali kuonekana na kitu kile kichwani.

Kikofia kilikuwa na masharti yake. Ulitakiwa kukivaa kila mahali nje ya bweni, ukivue ukikutana na wakubwa, na ukiambiwa uimbe wimbo wa chuo, uimbe hapo hapo mbele ya watu. Adhabu zilikuwa za kipuuzi: kufagia ngazi, kubeba vitabu vya wenzako, kutembea kinyumenyume. Katika vyuo vingi kifungo hicho kilikwisha siku ya Homecoming yenyewe, au muda mfupi baada yake. Wa mwaka wa kwanza walivutana kamba na wa mwaka wa pili kuvuka dimbwi la matope, na wakishinda waliruhusiwa kuvivua vikofia mapema. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 desturi hiyo ilikuwa imekufa karibu kila mahali. Wanafunzi walikuwa wameanza kupinga mambo makubwa zaidi ya hayo, na kikofia kikaondoka bila wa kukililia.

Sasa tuutie mwaka huo kwenye historia yetu wenyewe. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya mpango wa Tom Mboya ilipeleka Marekani wanafunzi 81 kutoka Kenya. Mwaka uliofuata waombaji wakawa wengi na fedha zikapungua. Mboya akaenda kumwona John F. Kennedy mwezi Julai 1960, Kennedy akiwa katikati ya kampeni ya urais, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Safari za Septemba 1960 zikabeba zaidi ya wanafunzi 200 kutoka Afrika Mashariki. Wangari Maathai alikuwa katika kundi hilo. Yeye alipelekwa Atchison, Kansas, kwenye chuo kidogo cha wanawake cha masista Wabenedikto. Wengi walitawanywa hivyo hivyo, mmoja hapa, wawili pale, kwenye vyuo ambavyo jina lao halikuwa limewahi kusikika Nairobi. Ohio ina vyuo vya namna hiyo tele, na watu wetu walikuwa wamekwisha kufika huko kabla ya ndege za Mboya; Mbiyu Koinange alisoma Ohio Wesleyan miaka mingi nyuma. Kama pasipoti ya babu ipo kwenye bahasha hiyo, tazameni muhuri wa kuingia New York. Ukiwa wa Septemba 1960, mambo yamekwisha.

Kuhusu ubao wa matokeo nakuomba uwe mwangalifu, kwa sababu watu huutegemea kupita kiasi. Katika futiboli ya Kimarekani, kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani, yaani tachidauni, ni pointi 6. Baada yake unapewa jaribio moja la nyongeza: ukiupiga mpira kwa mguu ukapita kati ya nguzo, unaongeza 1. Mwaka 1958 vyuo vilipitisha sheria mpya kwamba ukiuingiza kwa kukimbia nao au kwa pasi badala ya kuupiga, unaongeza 2. Kwa hiyo zile 14 za wenyeji huenda ni tachidauni mbili na mateke mawili, na zile 8 za wageni zinafanana sana na tachidauni moja pamoja na jaribio la pointi 2. Hilo lingeiweka picha baada ya 1958. Lakini 8 ilipatikana hata zamani: tachidauni moja, jaribio likakosa, kisha wenyeji wakaangushwa na mpira nyuma ya mstari wao wenyewe, kosa linalowapa wageni pointi 2. Kwa hiyo ubao unaunga mkono 1960, hauthibitishi. Tena ubao unaonyesha matokeo ya dakika ile picha ilipopigwa. Usiwaambie watu chuo cha babu kilishinda 14 kwa 8 mpaka uone gazeti.

Chukua lenzi uangalie nyuso za wachezaji. Ukiona kipande cha chuma au plastiki kinachopita mbele ya mdomo, hiyo ni helmeti ya katikati ya miaka ya 1950 au baadaye. Miaka ya 1940 walicheza uso wazi, na meno yaliwatoka. Nguzo za H nazo mwaka 1959 zilipanuliwa katika viwanja vya vyuo, kutoka futi 18 na inchi 6 hadi futi 23 na inchi 4. Huwezi kuzipima vizuri kwenye picha ya mkononi, lakini zikionekana pana kuliko kimo chake hadi mtambaa, ambacho ni futi 10, kwa zaidi ya mara mbili, unaweza kutabasamu.

Basi sherehe yenyewe ni ipi? Homecoming ni siku ambayo chuo kinawaita wahitimu wake warudi. Vyuo vinagombania nani alianza. Baylor cha Texas kinataja mwaka 1909, Illinois 1910, na Missouri 1911. Hadithi ya Missouri ndiyo inayosimuliwa zaidi. Mechi yao dhidi ya Kansas ilikuwa ikichezwa mjini Kansas City, kisha utaratibu mpya ukataka mechi za vyuo zichezwe kwenye viwanja vya vyuo vyenyewe. Mkurugenzi wa michezo wa Missouri, Chester Brewer, akahofia mashabiki hawatakuja mpaka Columbia, mji mdogo wakati huo, akawaandikia wahitimu waje "nyumbani". Walikuja kwa maelfu, na mechi ikaisha sare 3-3. Mtu akisoma hayo anadhani sherehe iliundwa kwa ajili ya mpira. Kwa vyuo vikubwa, sawa, nusu yake ni kweli.

Kwa chuo kidogo hesabu ilikuwa nyingine kabisa, na hapa ndipo watu wengi wasipoielewa picha kama ya babu yako. Chuo cha binafsi chenye wanafunzi mia saba au elfu moja, kilichoanzishwa na kanisa fulani karne ya 19, hakikupata ruzuku ya serikali ya jimbo. Kiliishi kwa karo, kwa sadaka za makanisa na kwa michango ya wahitimu. Mhitimu aliyekuja mara moja kwa mwaka, akala chakula cha mchana na mwalimu wake wa zamani, akaona paa la maabara linavuja, akaketi jukwaani na mkewe waliyekutana naye pale pale chuoni, huyo ndiye aliyekuwa anaandika hundi mwezi Desemba na kumleta mwanawe kusoma baada ya miaka 18. Mpira ulikuwa sababu ya kuja, na ratiba ilipangwa kwa akili hiyo hiyo. Ilipowezekana, mpinzani wa Homecoming alikuwa timu ambayo kocha aliamini ataifunga, kwa kuwa hakuna rais wa chuo aliyetaka wazee walipe petroli ya maili 200 kuja kutazama kipigo.

Ndiyo maana vita vilipokwisha sherehe hizi zilivimba. Mwaka 1943 vyuo vidogo vingi vilikuwa vimefunga timu zao kwa kukosa vijana. Sheria ya 1944 ya kuwalipia askari masomo ikaleta zaidi ya watu milioni 2 vyuoni, na Homecoming ya 1946 katika vyuo hivyo ilikuwa kitu cha pekee: wahitimu waliokuwa hawajaonana tangu kabla ya vita, wengine hawapo tena, na uwanjani wanacheza wanaume wa miaka 25 wenye wake na watoto jukwaani, wakisukumana na vijana wa miaka 18 waliotoka sekondari. Watu waliokuwepo huikumbuka miaka hiyo kwa hamu, na sidhani wanatia chumvi sana.

Kisha gharama zikaanza kuuma. Kanuni za wakati wa vita ziliruhusu kubadilisha wachezaji bila kikomo, kwa hiyo vyuo vyenye fedha vikawa na kikosi kimoja cha kushambulia na kingine cha kulinda. Chuo kidogo chenye wachezaji 30 kilimudu vipi? Baadhi viliacha futiboli kabisa. Chuo Kikuu cha San Francisco cha Wajesuiti kilishinda mechi zake zote 9 mwaka 1951 kikiwa na mchezaji nyota Ollie Matson, na mwaka huo huo kikaifunga timu kwa kukosa fedha. Mwaka 1953 kanuni zikarudishwa nyuma: ukitoka uwanjani, hurudi ovyo. Kwa hiyo vijana unaowaona nyuma ya babu yako walikuwa wakishambulia na kulinda, watu wale wale 11 kwa sehemu kubwa ya mechi, na ndiyo maana robo ya mwisho katika mechi za vyuo vidogo ilikuwa inaamuliwa na pumzi kuliko maarifa. Hali hiyo ilidumu mpaka katikati ya miaka ya 1960. Mimi naona ilikuwa futiboli nzuri zaidi kutazama kuliko ya sasa, ingawa wanaonipinga ni wengi na wana hoja.

Wikiendi yenyewe ilianza Ijumaa jioni kwa moto. Wa mwaka wa kwanza, wenye vikofia, ndio waliotumwa kutafuta kuni siku nzima: makreti ya matunda, milango mibovu, nguzo za ua. Choo cha nje cha mkulima kikipotea wiki hiyo, kila mtu alijua kimeenda wapi, maana kukiweka choo juu kabisa ya rundo lilikuwa jambo la sifa. Usiku uliotangulia rundo lililindwa, kwa vile wapinzani walipenda kuja kwa gari kuliwasha mapema. Moto ukishika, wanachoma sanamu ya nguo kuukuu iliyovalishwa rangi za wapinzani, kocha anasema maneno machache, bendi inapiga, kisha wote wanashikana mikono kwenye mstari mmoja mrefu na kukimbia kwa kujipinda hadi mjini, wakipita katikati ya barabara kuu na magari yakisubiri.

Usiku huo huo, ndani ya ghala la mkulima au karakana, makundi mengine yalikuwa yanatengeneza magari ya maandamano. Hebu nikueleze jinsi yalivyotengenezwa, kwa sababu kama babu yako alikuwa mwenyeji wa bweni lolote, mikono yake ilipita hapo. Unachukua trela la kubebea majani makavu. Juu yake unajenga umbo kwa mbao, tuseme simba mkubwa anayemtafuna mpinzani, kisha unalifunika lote kwa wavu wa waya wa banda la kuku. Halafu, tundu kwa tundu, unachomeka karatasi laini ya kupangusia mikono mezani, unaikunjua kidogo ionekane kama ua, unahamia tundu la pili. Trela moja lilikula karatasi maelfu. Vidole vilichanika kwa waya. Saa kumi alfajiri wasichana walikuwa wameshafungiwa mabweni yao kwa sheria, wavulana wamebaki wanasinzia huku wanachomeka, na mtu mmoja yuko mlangoni anatazama mawingu. Mvua ikinyesha Jumamosi asubuhi, rangi zote za karatasi hutiririka na simba anabaki mifupa.

Saa nne maandamano yanapita mjini: gari la zimamoto, bendi ya chuo, bendi za shule za sekondari za jirani, magari ya trela, na malkia wa Homecoming pamoja na wasichana wa msafara wake wakiwa juu ya viti vya magari ya wazi yaliyoazimwa kwa muuza magari wa mji, jina la duka lake likiwa limeandikwa ubavuni. Malkia alipigiwa kura na wanafunzi wenzake. Wahitimu nao wanajiandikisha mezani, wanapewa kadi ya kifuani yenye jina na mwaka. Mwaka 1960 darasa la 1935 lilikuwa linatimiza miaka 25, kwa hiyo lilikuwa na meza yake na picha ya pamoja.

Mechi ilianza kama saa nane mchana, kwa kuwa vyuo vidogo vingi havikuwa na taa. Wakati wa mapumziko timu zote mbili zinatoka, bendi inachora herufi za chuo kwa miguu yao, na malkia anavishwa taji katikati ya uwanja, aghalabu na rais wa chuo au malkia wa mwaka uliopita. Kuna vyuo ambako taji lilivishwa na nahodha wa timu, akiwa amelowa jasho, na tope hadi magotini, amesimama kando ya msichana aliyevaa suti ya sufu na viatu virefu vinavyozama kwenye majani. Kama chuo cha babu kilikuwa na desturi hiyo, picha yake ipo kwenye kitabu cha mwaka, hapana shaka. Wenyeji wakishinda, kengele ya jengo la zamani inapigwa mpaka jioni. Usiku kuna dansi kwenye ukumbi wa mazoezi, ingawa vyuo vingine vya kanisa vilikuwa bado vinaona dansi ni dhambi na vikaandaa tamasha la nyimbo. Jumapili ni ibada, kisha wageni wanaondoka.

Je, babu alicheza? Msamehe mama, familia zote zina hadithi kama hiyo, lakini hapana. Wiki kama sita tu kabla ya siku hiyo babu hakuwa hata amewahi kuuona mchezo huo. Futiboli ya Kimarekani ina michezo ya kupangwa, mingi, kila mmoja una jina na namba, na kijana wa kule anaanza kuijifunza tangu sekondari. Kingine, amevaa koti na kikofia huku mechi ikiendelea nyuma yake. Namba 64 ingekuwa jezi halali ya mlinzi wa mstari wa mbele, hilo nakubali, ila hapa ni sadfa. Mchezo ambao vijana wa Kiafrika waliwasumbua nao Wamarekani ulikuwa soka letu, ambalo vyuo vidogo vya Ohio vililicheza muda mrefu kabla ya watu kulijali. Mashindano ya kitaifa ya soka ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, yalianza 1959. Ulizia kikosi cha soka cha chuo hicho cha 1961 hadi 1963 kabla hujamwambia mama kwamba hadithi yake ni bure.

Kuna jambo linanichekesha kila nikilifikiria. Mwaka 1960 wapigaji wa teke katika futiboli yao karibu wote walipiga mpira kwa ncha ya kiatu, mguu umenyooka. Mwaka uliofuata Pete Gogolak, kijana mkimbizi kutoka Hungaria, alianza kukichezea Chuo Kikuu cha Cornell akiupiga kwa ubavu wa mguu, kama mtoto yeyote wa Voi anavyopiga, na baadaye mchezo mzima ukamfuata. Pale jukwaani Ohio alikuwepo kijana wa Kitaita ambaye huenda alikuwa anatazama yale mateke na kujiuliza hawa watu wana nini.

Sasa ya bibi. Lile ua ni krisanthemumu, la njano au jeupe, lenye utepe wa rangi za chuo na mara nyingi herufi ya chuo iliyosokotwa kwa waya laini katikati. Kwenye Homecoming lilikuwa sare ya wanawake. Mvulana alimnunulia msichana aliyemwalika, ni kweli, lakini mama wa wachezaji walivaa, wake za walimu walivaa, wahitimu wa miaka 60 walivaa, na wasichana wengi walijinunulia wenyewe kwenye meza ya klabu iliyokuwa inachangisha fedha. Ua halithibitishi lolote kati ya wale wawili. Vyuo hivi viliwapa wanafunzi wa kigeni wenyeji wa kuwatembeza, na wapiga picha wa chuo walipenda sana kumpiga mgeni kutoka Afrika akiwa na mwenyeji wake siku ya sherehe, kwa ajili ya jarida la wahitimu. Picha yenu inanukia hivyo.

Hata hivyo kusimama vile hadharani halikuwa jambo dogo. Ohio ilikuwa imefuta marufuku ya ndoa kati ya weusi na weupe tangu 1887, lakini ukivuka mpaka kuingia Indiana au Kentucky mwaka 1960, ndoa hiyo ilikuwa kosa la jinai, na ndivyo ilivyokuwa katika majimbo zaidi ya 20 hadi bunge la jimbo au, mwaka 1967, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifuta marufuku hiyo. Uwanjani nako kulikuwa na yake. Oktoba 1951 Johnny Bright, mchezaji mweusi wa Chuo Kikuu cha Drake, alipigwa makusudi na mchezaji mweupe wa Oklahoma A&M mpaka taya likavunjika, mbali na mpira; picha za tukio hilo zilipata tuzo ya uandishi wa habari ya Pulitzer, Drake kikajitoa kwenye ligi kwa kupinga kukosekana kwa adhabu. Katika mji mdogo wa Ohio babu huenda alikuwa mmoja kati ya watu weusi wachache mno. Wanafunzi wa Kiafrika wa wakati ule husimulia jambo la ajabu, kwamba walialikwa chakula cha jioni na familia zile zile ambazo zisingemwalika Mmarekani mweusi. Wale waliopelekwa vyuo vya Wamarekani weusi walikuta Homecoming ya aina nyingine kabisa, yenye bendi za kucheza ambazo Chuo cha Florida A&M kilikuwa kimezianzisha chini ya William P. Foster tangu 1946. Ohio yenyewe ina Wilberforce, kilichoanzishwa 1856. Lakini kwa msichana huyo na hiyo picha, nadhani babu hakuwa huko.

Kazi iliyobaki ni yenu, na si ngumu. Jina la chuo litakuwa kwenye vyeti vilivyokuwa bahasha moja na picha. Kama chuo hakipo tena kwa jina hilo, usikate tamaa. Vyuo vidogo vingi viliungana au kubadili jina, na nyaraka zake huhamishiwa chuo kilichorithi au kwenye hifadhi ya dhehebu lililokianzisha. Mwandikie mhifadhi wa nyaraka wa maktaba, wala si ofisi ya udahili, na umwombe vitu vitatu: kitabu cha mwaka cha 1961, ambacho ndicho kinachobeba matukio ya vuli ya 1960, magazeti ya wanafunzi ya Oktoba na Novemba 1960, na jarida la wahitimu la miezi hiyo. Vingi vimewekwa mtandaoni bure. Taja jina la babu kama lilivyoandikwa kwenye cheti, na jaribu pia lile jina la ubatizo pekee, kwani Wamarekani walikuwa wanaligeuza jina la mwisho watakavyo. Piga picha pande zote mbili za picha yenu kwa mwanga wa dirishani bila kimulimuli, umpelekee nakala.

Na ukilipata gazeti, lisome lote, usiishie ukurasa wa michezo. Matokeo utayakuta hapo, lakini jina la msichana, likiwepo, litakuwa kwenye maelezo ya picha ukurasa wa ndani, pamoja na la babu. Mwambie bibi nitafurahi kulisikia kutoka kwake.